Japani: mzee mwenye dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na utambuzi) anatembea vizuri, kwa nini amepewa daraja dogo?

MdauWaWazee
Habari za humu. Naomba ufafanuzi kwa wanaoijua bima ya matunzo ya wazee ya Japani, ile iliyoanza Aprili 2000, ambayo humpa mzee huduma kulingana na daraja alilopangiwa. Mzee anaacha jiko linawaka, usiku anatoka na kupotea, lakini majibu yanakuja "msaada 2", yaani hajafika hata daraja la kwanza la matunzo. Kosa lake ni kuwa na miguu mizima?

Kipimo74
Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mtathmini wa manispaa huja nyumbani na vipengele 74: kugeuka kitandani, kula, kuvaa, kukumbuka, kutangatanga. Kompyuta hugeuza majibu kuwa dakika za matunzo kwa siku. Asiyeweza kwenda chooni mwenyewe hukusanya dakika upesi. Anayetembea hazipati, ingawa ndiye wa kulindwa usiku na mchana. Programu humwongezea dakika kwa ajili ya dimenshia, ila mara nyingi haziibui picha kamili.

Lakini hapa pana jambo. Msaada 2 na matunzo 1 zina dakika zilezile, 32 hadi chini ya 50. Kinachozitenganisha ni kama utambuzi umeshuka au hali ya mgonjwa haijatulia. Huyu alistahili matunzo 1, kwa hiyo kuna karatasi ambayo haikusema.

Bi_Mlezi
Karatasi zenyewe ni mbili: maelezo ya ziada ya mtathmini na maoni ya daktari. Kamati inayopanga daraja huamua kwa kuzisoma hizo pamoja na hesabu ya kompyuta.

Siku ya tathmini wazee hujikaza. Atavaa akapendeza, aseme "napika mwenyewe kila siku". Msimkosoe mbele ya mgeni, mtamvunjia heshima bure. Andikeni ukurasa mmoja mumpe mtathmini pembeni. "Anasahau sana" haisaidii kitu. Andikeni: "Wiki hii ametoka saa nane usiku mara 3, mara 1 karudishwa na polisi, sufuria 2 zimeungua." Nakala impate daktari kabla hajajaza fomu, maana kwa dakika chache za kliniki mzee huonekana timamu kabisa.

MdauWaWazee
Asante sana, Bi. Na rufaa je?

Kipimo74
Ipo, ndani ya miezi 3, kwenye baraza la mkoa, lakini inachukua muda. Afadhali muombe manispaa ibadilishe daraja; si lazima kungoja kibali cha daraja la sasa kiishe muda. Majibu yanatakiwa ndani ya siku 30, ingawa huchelewa, na daraja jipya huhesabiwa tangu siku ya maombi.

Msilipuuze hilo daraja moja. Makao makubwa ya wazee wasiojiweza, tangu 2015, kwa kawaida hupokea kuanzia matunzo 3. Wa matunzo 1 na 2 wanaweza kuingia kwa sababu maalumu, dimenshia ikiwemo. Wa msaada 2 hawamo. Wao wanabaki na nyumba ndogo za dimenshia, za watu 5 hadi 9 kwa kila kitengo.

Bi_Mlezi
Na bima hii hailipi familia fedha taslimu, inatoa huduma tu. Daraja likipunjwa, anayekesha ni binti au mkwe. Sheria ya Msingi ya Dimenshia, inayotumika tangu 1 Januari 2024, inataka mgonjwa aishi kwa heshima, lakini mlangoni bado zinahesabiwa dakika. Hapo ndipo pa kurekebisha kwanza.