Mafunzo ya walimu wa chekechea hapa Pwani yalianzaje?

Mwalimu wa Langoni, Lamu

Assalaam alaykum. Nafundisha chekechea hapa Lamu, na mafunzo yangu niliyapata kwa awamu, katika likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Muhula ukifunguliwa narudi kwa watoto wangu. Juzi mwalimu kijana, aliyesomea stashahada kwa kukaa chuoni moja kwa moja, aliniuliza kwa nini sisi wa zamani tulifunzwa vipande vipande, nami nikakosa jibu la maana. Tena kwetu neno lenyewe lina uzito wake, kwani mzee akisema mtoto kenda chuoni, anakusudia kwa maalim, si chuo cha ualimu. Nimesikia kwamba mafunzo yetu yalichipuka katika vyuo hivyo hivyo vya Qur'ani. Je, ni kweli?

Mkufunzi Mstaafu, Malindi

Waalaykumu salaam, mwanangu. Kwa sehemu kubwa ya jambo hili, ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walisumbuliwa na hali ya watoto wao kutofika mbali katika masomo ya shule, wakamwomba Aga Khan msaada, na wakfu wake ukaanzisha mradi Mombasa. Mkufunzi wa kwanza alikuwa Bi Swafiya Said, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuzungumza na wazazi na walimu wa madrasa hadi waridhike kwamba mtoto anaweza kucheza, kuhesabu na kujifunza dini yake mahali pamoja. Chekechea ya kwanza ya mradi huo ilifunguliwa Mombasa mwaka 1986, na kazi ilipokua ndipo kikasimama kituo cha mafunzo, Madrasa Resource Centre. Zanzibar ilifuata mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993.

Jamii iliyotaka chekechea iliwekeana mkataba na kituo: wao watoe mahali, kamati, na wanawake wa mtaani wa kufundishwa, nacho kituo kiwafunze na kuwatembelea darasani kwa muda mrefu. Ziara hizo ndizo zilizokuwa chuo chenyewe, kwa maoni yangu. Nakumbuka darasa moja ambapo mtoto alihesabu vifuu sita juu ya mkeka bila kukosea. Nikavitawanya kidogo, nikamuuliza ni vingapi, akaanza tena, moja, mbili. Mwalimu wake alitaka kumkemea, nikamgusa mkono anyamaze. Baada ya watoto kwenda zao tulikaa pale pale mkekani tukazungumza kwa nini mtoto wa miaka minne huona vitu vilivyotawanywa kuwa vimezidi, na mazungumzo hayo nisingaliweza kuyaleta kwenye ukumbi wenye walimu sitini na ubao mmoja.

Msomaji wa Mkomani

Naongeza upande wa serikali, maana huko ndiko likizo zako zilikotoka, mwalimu. Taasisi ya Elimu Kenya iliendesha mradi wa elimu ya awali tangu mwaka 1971 kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi; mwaka 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa, NACECE, na mwaka uliofuata vikaanza vituo vya wilaya, DICECE. Walimu wengi walikuwa tayari darasani, wakilipwa na wazazi, na kumwondoa mmoja kwa miaka miwili kulikuwa sawa na kuifunga chekechea ya kijiji kizima. Kwa hiyo nadharia ikawekwa kwenye likizo, na muhula ukawa mazoezi. Kumfunza mwalimu kando ya watoto hakukuwa kwetu peke yetu: huko Deptford, London, Margaret McMillan alifungua mwaka 1930 chuo kilichopewa jina la dada yake Rachel, kando ya shule ya watoto waliyoianzisha mwaka 1914.

Mwalimu wa Langoni, Lamu

Nawashukuru nyote, sasa nina la kumjibu mwenzangu, na nitamwambia pia kwamba mihula ile haikuwa mapumziko ya masomo. Mama Mkufunzi, niruhusu niulize moja zaidi: yule mwalimu wa vifuu alifanya nini baadaye?

Mkufunzi Mstaafu, Malindi

Aliacha kumsahihisha, mwanangu. Kila asubuhi alimwachia vifuu vile vile sita avipange apendavyo, mara mstari, mara duara, mara rundo, huku yeye akiandika alichokiona katika daftari dogo. Niliporudi ziara iliyofuata alinifungulia ukurasa mmoja, uliandikwa kwa penseli: «Leo amevitawanya mwenyewe, nikamuuliza ni vingapi, akasema sita bila kuhesabu.»