Sensa ya waidibendi inakufa kila mara kwenye Impreza ya turbo, nini kinaiua?

Turbo_Fuoni:
Asalaam alaykum wadau. Nna Impreza turbo ya 2003, injini EJ20, daunipaipu (bomba la moshi linalotoka kwenye turbo) ya inchi 3 imechongwa gereji hapa hapa mjini, masega ya kusafishia moshi yametolewa, ina blo-ofu (vali ya kupumulia presha ya turbo) ya kutolea hewa nje na ECU, yaani kompyuta ya injini, imetyuniwa Dar. Nimefunga na mita ya waidibendi ili nione mchanganyiko wa hewa na petroli, sensa yake Bosch LSU 4.9, na hapo ndo maradhi yalipo. Naweka sensa mpya inasoma vizuri kabisa, wiki chache tu nawasha gari asubuhi mita inaandika hitilafu, au nyengine haiandiki kitu ila inasoma uongo, gari imesimama injini inazunguka taratibu inanambia 18, yaani hewa 18 kwa petroli 1, hewa imezidi, na huku ukisimama nyuma petroli inakuchoma pua. Sensa hizi hapa Unguja sizipati, naagizia Kariakoo zinakuja na boti, pesa inakwenda na mie niko pale pale.

Fundi mmoja kanambia sensa nnazonunua ndo mbovu, mwengine kanambia ng'oa hiyo mita mbona gari za watu zinakwenda bila. Sitaki kuing'oa kwa sababu gari inapiga busti (presha ya turbo) na nataka nijue inakula nini. Na kitu kinachonishangaza, sensa ya ECU ile iliyokuja na gari haijawahi kusumbua hata siku moja, skana haitoi kodi yoyote ya hitilafu. Naombeni msaada wenu.

Mpemba_wa_Wete:
Waalaykum salaam. Anza na sensa zenyewe yakhe, kopi za LSU 4.9 zimejaa sokoni na boksi lake ukiliona utasema orijino. Pili, unatia dawa ya kupandisha okteni kwenye petroli? Zile zenye manganizi zinaacha unga wa rangi ya kutu kwenye plagi na kwenye ncha ya sensa, ukizidi sensa inaziba. Toa plagi moja uitazame rangi. Na akija mtu kukwambia ni petroli yenye madini ya risasi usimpokee, nchi za kusini ya Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006 na Algeria iliyokuwa ya mwisho duniani ikamaliza 2021, kwa hiyo hilo lishapita.

Darajani_Boy:
Ng'oa tu kaka, mie yangu nshaitoa zamani, naisikiliza injini kwa masikio na gari inakwenda haina nongwa.

Fundi_Mwanakwerekwe:
@Darajani_Boy gari isofungwa kitu sawa, lkn hii ina busti na tyuni, hapo masikio hayatoshi. Gari ya turbo ya petroli ukiikanyaga mpaka mwisho kawaida unataka mita isome 11 hadi 11.5 hivi, ikipanda ikafika 13 na busti imejaa hutosikia chochote, utakuja kusikia pistoni ishapasuka. Msimng'oleshe mtu mita, tutafute kinachoiua.

@Turbo_Fuoni usinunue nyengine kwanza. Nataka mambo matatu. Tundu la sensa lipo umbali gani kutoka kwenye turbo na sensa imeelekea wapi, juu, ubavuni au chini? Waya wa moto (umeme) wa mita umechukuliwa wapi? Na zile sensa zilokufa kama bado unazo, ncha zake zina rangi gani? Sensa haifi hivi hivi, inauliwa, na ikifa inakuachia alama.

Turbo_Fuoni:
Ahsante sana fundi. Nimeingia chini ya gari na tochi, tundu lipo karibu kabisa na turbo, shubiri moja haifiki, na sensa imechomekwa kwa chini, waya unatokea upande wa barabara. Fundi alochomelea alisema hapo ndo pana nafasi. Waya wa moto umeungwa pamoja na wa redio, ukizungusha ufunguo hatua ya kwanza tu mita inawaka. Nimeiwekea na swichi maana nikisafiri usiku kwenda Nungwi mwanga wake unaniumiza macho, basi naizima.

Sensa za zamani nnazo. Moja ncha yake nyeusi tititi, ukiigusa inakupaka masizi. Nyengine mbili safi kabisa, kijivu, ungeniambia mpya ningekubali, ila ukizitikisa karibu na sikio moja inatoa sauti ya kitu kimekatika ndani. Dawa ya okteni situmii, plagi nimeitoa iko kahawia ya kawaida.

Asubuhi nazungusha ufunguo, nasubiri mita imalize kupasha sensa kwanza, ikishakuwa tayari ndo napiga stata. Jioni tukienda Forodhani huwa tunakaa na redio gari imezimwa, labda hilo lina maana, sijui.

Fundi_Mwanakwerekwe:
Lina maana kubwa ndugu yangu. Hapo umeshanijibu kila kitu, na una wauaji wawili tofauti, nakueleza mmoja mmoja.

Zile mbili safi zimekufa kwa maji. Ndani ya ncha ya LSU 4.9 mna kijiti cha kauri chenye hita, na mita inakipasha mpaka nyuzi 780 hivi za Selsiasi. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji, ukizima gari ule mvuke uliobaki kwenye bomba unapoa unageuka matone, na hapa kwetu na unyevu huu asubuhi bomba lina maji ndani. Sasa wewe unapasha kauri mpaka inaiva, injini bado imezimwa, halafu ndo unapiga stata na moshi wa mwanzo unayasukuma yale maji yote mbele. Ni sawa na kuchukua chungu kilichotoka jikoni ukakimwagia maji baridi. Kauri inapata ufa, hita inakatika, mita inaandika hitilafu, na ncha ukiitazama iko safi kwa sababu haikufa kwa uchafu. Hiyo sauti unayoisikia ukiitikisa ndo kauri yenyewe imevunjika. Na Forodhani mambo ni yale yale, redio inapiga na sensa inaiva saa nzima, ukiwasha gari kuondoka inapigwa na maji.

Kuelekea chini kunazidisha balaa, maji yanateremka yanakaa kwenye ncha yenyewe. Bosch wanataka sensa ikae juu ya mstari wa ulalo kwa nyuzi 10 angalau, yaani upande wa juu wa bomba, ncha ikitazama chini ili tone liteleze liondoke.

Ile nyeusi imekufa kwa swichi yako. Sensa ikiwa ndani ya bomba injini inakwenda, lazima iwe na moto. Ikiwa na moto masizi yanaungua yenyewe, ukiizima masizi yanaganda kwenye ncha na yanaziba. Kila safari ya usiku ulikuwa unaitia masizi. Kama mwanga unakukera punguza mwanga wa mita, nyingi zina sehemu ya kupunguza, au ifunike na kitambaa, lkn moto usiikatie. Na siku mita ikiharibika ukawa unasubiri nyengine, sensa itoe kabisa kwenye bomba.

Na hilo uliloshangaa ndo limenithibitishia. Sensa ya ECU inaishi gari moja na hizi, petroli ile ile, oili ile ile. Ingekuwa injini inakula oili, au gasketi ya hedi inapitisha maji ya rejeta, au fundi katumia silikoni isiyofaa, nayo ingeanza kulalamika. Imesalimika kwa sababu ECU ndo inaamua lini ipate moto na kiasi gani, haipelekewi moto na redio.

Mpemba_wa_Wete:
Fundi nimekukubali kwenye maji, lkn blo-ofu usiiache. Subaru inapima hewa kwa sensa iliyopo kwenye filta, hewa ishahesabiwa na petroli yake ishapangwa, halafu ukibadili gia blo-ofu inaimwaga nje. Petroli inabaki peke yake bila hewa yake, ndo harufu ile anayoisema na ndo masizi. Mie ningemrudishia ile ya kurejesha hewa ndani.

Fundi_Mwanakwerekwe:
Kweli kabisa, arudishe, na gari itabadili gia vizuri zaidi. Ila peke yake isingeua sensa yenye moto, ingeichafua tu na ikajisafisha.

Turbo_Fuoni, kazi iwe hivi. Tundu jipya litobolewe sentimita 60 hadi 90 kutoka kwenye turbo, upande wa juu. Hapo ulipo sasa kuna joto na mgandamizo, LSU 4.9 inavumilia moshi wa nyuzi 930 na gari ya turbo ikikanyagwa kweli karibu na turbo unaweza kufika huko, halafu mgandamizo nao unaipotosha isome uongo. Hakikisha hakuna kiungo kinachovuja kabla ya sensa, hewa ikiingia hapo mita itakwambia gari kavu, yaani petroli kidogo hewa nyingi, wakati siyo. Sensa ipake grisi yake kwenye nyuzi za kufungia tu, isifike kwenye ncha.

Umeme toa kwenye redio. Weka relei inayoamshwa na moto wa pampu ya petroli, pampu kwenye gari yako ukizungusha ufunguo inanguruma sekunde chache inanyamaza, mpaka injini iwake ndo inaendelea, kwa hiyo sensa nayo itapata moto injini ikiwaka tu. Fyuzi yake peke yake, na ethi (waya wa hasi) ifungwe pale pale ilipofungwa ya ECU. Waya ukiwa mfupi refusha upande wa mita, soketi ya sensa usiikate asilani, ndani yake mna kizuizi kidogo kilichopimwa kiwandani kwa sensa ile ile, ukiikata vipimo vyake vimepotea.

Turbo_Fuoni:
Allah akulipe kheri fundi. Hii nyeusi inaokoka au nitupe? Na lile tundu la zamani nilifanyeje, nichomelee?

Fundi_Mwanakwerekwe:
Nyeusi ipime kwanza. Weka omita kati ya waya mweupe na wa kijivu, ndo hita, ikiwa baridi itasoma om 3 na kidogo. Ikisoma hivyo iunge kwenye mita ining'inie hewani nje ya gari, iwache ijipashe, mita ikipanda mpaka mwisho wa upande wa hewa nyingi na ikatulia pale basi bado nzima, itumie. Ikicheza cheza tupa. Zile mbili safi usihangaike nazo.

Tundu la zamani usichomelee, utapinda bomba bure. Tafuta bolti ya milimita 18 yenye nyuzi za 1.5, ndo nyuzi za sensa hizi, ifunge na washa ya shaba. Na mwambie mchomeleaji atoe sensa kabla hajawasha mashine yake, na betri aikate.