Tupeane uzoefu: Wewe uliyesoma sheria sekondari, somo lilikuachia nini?

Mwanzisha uzi
Habari zenu wadau. Mdogo wangu anachagua masomo ya miaka yake miwili ya mwisho ya sekondari na anataka sheria. Nyumbani kila mtu ana lake. Mimi nililisoma, kwa hiyo naanza.

Muhula wa kwanza nilikariri tu. Daftari langu lilijaa kesi, majina na miaka. Mtihani ukaja: mtu kachukua baiskeli ya jirani bila kuomba, kairudisha baada ya siku tatu. Je, ni wizi? Nikamwaga kurasa tatu kuhusu Sheria ya Wizi ya Uingereza ya 1968, ile baiskeli sikuigusa kabisa. Nikafeli. Mwalimu aliandika pembeni swali moja: "Alipoichukua, alikusudia nini?" Kumbe sheria ile inataka mtu awe na nia ya kumnyima mwenye mali daima, asiipate tena. Anayekusudia kurudisha anaweza kuwa na kosa jingine, lakini wizi haujathibitika. Niliumia, ila tangu siku hiyo kila swali naanza na tukio, kanuni baadaye.

Wengine ilikuwaje?

Mchangiaji wa 2
Mkuu, kwangu ni kesi ya mabaharia wa Mignonette, 1884. Chombo kilizama, watu wanne wakabaki kwenye mashua ndogo bila chakula. Nahodha na msaidizi wake wakamuua kijana wa miaka 17 aliyekuwa mgonjwa, wakamla ili waishi. Darasani tuliigiza mahakama, nami nikapangiwa kuwatetea. Nilikuwa nawachukia watu wale. Usiku mzima nilitafuta hoja, na kufika asubuhi nilishaelewa njaa yao bila kukubali walichofanya. Mahakama ilikataa kwamba dhiki inahalalisha kuua, ikawahukumu kifo, kisha adhabu ikapunguzwa hadi kifungo cha miezi sita. Mpaka leo sijui miezi sita ilikuwa michache au la. Hakuna somo jingine lililowahi kuninyima usingizi namna ile.

Mchangiaji wa 3
Mimi naongea na anayedhani ni lazima kulisoma ili uwe mwanasheria. Si lazima. Nilikutana chuoni na wenzangu waliotoka kwenye historia na hata hisabati, na hawakuachwa nyuma. Msaada nilioupata ni kwamba istilahi hazikunitisha wiki za mwanzo, basi. Kama mdogo wako hapendi kusoma na kuandika kwa wingi, mshauri afikirie upya. Hili nalisema kwa nia njema.

Mchangiaji wa 4
Namuunga mkono wa 3, ila mimi sikwenda chuo cha sheria na bado nashukuru. Mnaikumbuka ile ya konokono kwenye chupa, Donoghue dhidi ya Stevenson, 1932? Kinywaji kilinunuliwa na rafiki, kwa hiyo mama aliyekinywa na kudai konokono aliyekuwa ndani alimuuguza hakuwa na mkataba na muuzaji. Majaji watatu dhidi ya wawili wakasema mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji hata kama hawajawahi kuonana. Nilipofika hapo niliona kwamba kanuni tunazozikuta zimeandikwa kuna mtu alizipigania, na kura moja tu ingezigeuza. Nilipopata kazi yangu ya kwanza, niliusoma mkataba wote kabla ya kusaini. Kifungu cha muda wa notisi kilikuwa cha upande mmoja. Niliomba kirekebishwe, wakakirekebisha.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana. Wa 3, nimemsomea ujumbe wako neno kwa neno. Halafu nikamuuliza lile swali la baiskeli. Hakusema ndiyo wala hapana. Akaniuliza: "Huyo mtu, kabla ya kuirudisha, alikuwa ameshatafuta mnunuzi?"

Nimemwachia fomu ajaze mwenyewe.