Mjadala: Cabo Delgado, je, serikali ya Msumbiji izungumze na wapiganaji?

Wadau, tarehe 5 Oktoba 2017 vijana wenye mapanga na bunduki chache walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, mji wa pwani katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kusini kidogo ya mpaka wetu wa Mtwara. Wengi tulidhani ni fujo za wiki moja, zitazimwa. Mpaka leo watu wanakufa. Waliouawa wamepita 6,000, na kuna kipindi waliokimbia makwao walifika milioni moja, katika mkoa wenye watu milioni mbili na ushei.

Swali ninaloleta ni hili: serikali ya Maputo ifungue mlango wa mazungumzo na wapiganaji hawa wenye itikadi kali ya kidini, au iendelee kuwapiga mpaka wa mwisho? Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnijibu vizuri. Ifungue, ianze na vijana wa chini badala ya makamanda, na ifanye hivyo sasa, majeshi yakiwa bado uwanjani.

Jibu la kwanza nalijua: gaidi hazungumzwi naye. Silidharau hata kidogo. Hawa wamechinja wanavijiji mbele ya watoto wao, wamechoma nyumba, wameteka wasichana na kuwageuza wake. Oktoba 2020 walivuka mto Ruvuma wakaingia kijiji cha Kitaya, upande wetu, wakaua watu na kuchoma makazi. IGP wa wakati ule, Simon Sirro, alisema washambuliaji walikuwa kama 300. Aliyezika nduguye Kitaya ana haki ya kukasirika akisikia neno mazungumzo, na sitamwambia anyamaze.

Lakini tuitazame bunduki nayo imetufikisha wapi. Mwaka 2019 waliletwa Wagner, mamluki kutoka Urusi, hawakudumu. Wakaja walinzi wa kukodi wa Afrika Kusini na helikopta zao. Agosti 2020 Mocímboa ikaanguka, ikakaa mikononi mwa waasi mwaka mzima. Machi 2021 wakaingia mji wa Palma, na mradi wa gesi wa Total, kampuni ya Ufaransa, pale jirani Afungi, wenye thamani ya dola bilioni 20, ukasimama. Julai mwaka huohuo Rwanda ikapeleka watu 1,000, SADC ikapeleka kikosi chake ambacho JWTZ walikuwamo, na mwezi uliofuata Mocímboa ikakombolewa. Hiyo ilikuwa kazi ya kweli, watu walirudi majumbani na soko likafunguliwa. Agosti 2023 serikali ikatangaza kuuawa kwa Bonomade Machude Omar, maarufu Ibn Omar, kamanda wao mkubwa. Wengi wakasema basi, imekwisha. Mei 2024 wapiganaji wakaingia mji wa Macomia. Mwaka 2025 wakashambulia ndani ya Hifadhi ya Niassa, mkoa mwingine kabisa, na baadaye wakavuka tena kwenda Nampula.

Kundi linalopoteza miji, linalopoteza kamanda, halafu linaibuka mikoa ya jirani, lina mahali linapopata watu wapya. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kabla ya 2017, masheikh wa Cabo Delgado walikuwa wameshaonya. Walishuhudia vijana wakiingia msikitini na viatu, wakiwaambia wazee wao kwamba ibada zao za miaka yote ni batili, wakiwatoa watoto shule za serikali. Baraza la Waislamu likapeleka taarifa serikalini. Baada ya shambulio la kwanza, polisi wakafunga misikiti kadhaa na kukamata mamia, na waliokamatwa hawakuwa wote wahusika. Mzee aliyekuwa akibishana na vijana hao akaona msikiti wake umefungwa pamoja na wao. Ndivyo tulivyompoteza mtu aliyekuwa na uwezo wa kuwarudisha.

Tuangalie na tumbo. Gesi iligunduliwa 2010. Rubi za Montepuez zilivuta wachimbaji wadogo wengi, wakiwamo Watanzania, kisha mgodi mkubwa ukapewa eneo na mapema 2017 wachimbaji wakatimuliwa kwa nguvu. Mwaka 2019 Gemfields, kampuni mama ya mgodi huo, ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza kesi ya madai ya ukatili dhidi ya wenyeji, bila kukiri kosa. Huko Afungi, wavuvi na wakulima walihamishiwa Quitunda ili kupisha mradi. Mvuvi amepewa nyumba ya matofali, sawa, lakini pwani yake imekuwa mbali naye. Wamwani wa pwani kwa miaka mingi wanaona vyeo na biashara kubwa vikienda kwa watu wa nyanda za Mueda, wenye historia ya ukombozi, kwa wenzao wa Maputo na kwa wageni. Sisemi umaskini unamhalalishia mtu kuchinja. Ila anayekuja na pesa kidogo na ahadi kubwa, akimkuta kijana wa aina hiyo, hatumii nguvu nyingi kumchukua.

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito kuliko ya kwanza: utazungumza na nani? Mwaka 1992 serikali na waasi wa RENAMO walitia saini mkataba wa amani Roma, baada ya miaka 15 ya vita na vifo vipatavyo milioni moja. RENAMO nao walikuwa wakiitwa majambazi wenye silaha, na ukatili wao ulijulikana. Lakini walikuwa na kiongozi, Dhlakama, mtu wa kukaa naye mezani. Hawa wa sasa hawana chama wala ofisi, na tangu 2019 Dola ya Kiislamu inadai mashambulizi yao ni yake. Nakubali. Kwa sababu hiyohiyo sitaki mkutano wa hoteli na makamanda. Nataka sheria ya msamaha iliyoandikwa, inayosema nani anasamehewa na makosa gani hayasameheki, pamoja na mahali salama pa kujisalimisha ambapo kijana hapotei usiku. Rais wa wakati ule, Filipe Nyusi, aliwahi kuwaita wajisalimishe akiahidi watapokelewa, lakini ahadi ya jukwaani haimtoi mtu porini akikumbuka jinsi askari walivyowatendea jirani zake. Amnesty International ilituhumu pande zote kwa uhalifu wa kivita, majeshi ya serikali yakiwamo. Ujumbe upite kwa akina mama na wazee wa Kimwani, Kimakonde na Kimakua, watu wanaojua huyu ni mtoto wa nani na alitoka nyumba ipi.

Na sisi Watanzania tusijifanye watazamaji. FRELIMO, chama kinachotawala Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam 1962, wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, na Wamakonde wa kando ya Ruvuma wanaoleana mpaka leo. Hata hivyo 2021, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilitulalamikia kwa kuwarudisha maelfu ya waliokimbia vita kupitia kivuko cha mpakani cha Negomano, wengi wao wanawake na watoto. Hilo linaniuma. Hofu ya magaidi kujichanganya nao naielewa, lakini mama mwenye mtoto mgongoni anakaguliwa, hasukumwi tena alikotoka.

Kisha kuna wa kwetu. Baada ya mauaji ya Kibiti, mkoani Pwani, na operesheni ya polisi ya 2017, ilisemwa sana kwamba baadhi ya waliohusika walikimbilia kusini, na Watanzania wametajwa mara nyingi miongoni mwa wapiganaji. Kijana wetu aliyevuka akiwa na miaka 17, hana cheo chochote kule, leo akitaka kuweka silaha chini na kurudi: tumpeleke gerezani moja kwa moja, tumrudishe kwa wazazi chini ya uangalizi, au tumwache hukohuko? Nianzie hapo kusikia kutoka kwenu, hasa mlioko Mtwara na Ruvuma.