Ushauri: Nimealikwa kuonja bia ya toleo maalum na kutoa maksi, naanzia wapi?

Mtoa mada
Wakuu, salaam. Niko Minneapolis. Jumamosi jamaa wa kazini katualika kuonja Bourbon County Stout, ile bia nyeusi nzito ya kiwanda cha Goose Island cha Chicago inayotoka mara moja kwa mwaka, Ijumaa baada ya Thanksgiving, sikukuu ya Shukrani ya huku Marekani. Kila mtu atapewa karatasi atoe maksi kati ya 50. Mimi nimezoea bia ya Safari ya baridi kali, napiga funda naendelea na stori. Sitaki kutia aibu, wala sitaki kusifia tu kwa sababu ni ghali. Niangalie nini?

Pipa Tupu
Mkuu, baridi kali sahau. Inaua harufu, na bia hiyo harufu ndiyo nusu ya shughuli. Itolewe friji mapema, ifike kama nyuzi 10 hadi 13. Mimina kidogo kwenye glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Nusa kwanza, mara fupifupi, uandike kabla hujaonja. Imelala kwenye mapipa yaliyokuwa na bourbon, wiski ya Kimarekani, kwa hiyo tegemea vanila, nazi, mbao iliyoungua. Kimea kilichokaangwa kinaleta chokoleti na kahawa. Povu likiwahi kupotea usiikate sana, pombe inazidi asilimia 14.

Karatasi ya 50 bila shaka ni ya BJCP, taasisi ya Marekani inayopima na kuthibitisha majaji wa bia: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, tathmini ya jumla 10.

Kapuku Mzoefu
Maksi 3 za rangi? Bia nyeusi ni nyeusi, mpe zote tatu tuendelee. Mengine ni mbwembwe. Ukiipenda nyingi, usipoipenda chache.

Binti Kibosho
Kapuku, hapo ndipo watu wanapoharibu. Haulizwi anapenda nini, anaulizwa kama bia imefika pale ilipotakiwa kufika kwa aina yake. Mimi nimekulia kwenye mbege. Bila ule uchachu mbege hainyweki. Uchachu huohuo akiukuta kwenye hii ni kasoro, akate bila huruma. Na imeshatokea: baadhi ya chupa za 2015 ziliingiwa na bakteria wa jamii ya Lactobacillus zikachacha, kiwanda kikarudisha watu hela, na kuanzia toleo la 2016 wakawa wanaipasha moto kuua vijidudu. Kaka, muulize mwenyeji chupa ni ya mwaka gani.

Kasoro nyingine: harufu ya boksi lililolowa, hewa imeingia. Siagi ya bisi, chachu haikumaliza kazi yake. Pombe ikikuchoma koo hadi huoni ladha nyingine, andika hivyo pia. Joto la kifuani ni sawa, kuunguza siyo.

Mtoa mada
Asante dada, nimeelewa. Sasa nikiipa 28 na chupa kanunua mwenyeji, si atanuna?

Pipa Tupu
Kwenye kipimo chao 21 hadi 29 bado ni "nzuri", 45 kwenda juu ni za kuhesabika. Andika sababu pembeni ya kila maksi, hapo hakuna ugomvi. Ila usitaje namba yako kabla wenzako hawajamaliza kuandika. Mmoja akishasema "hii 46!", meza nzima inamfuata.

Kapuku Mzoefu
Ikibaki chupani, nitumie anwani.