AMENINYOOSHEA USUKANI!! Nishikeni jamani nisirudi kule na tezo

Mbisha_Upepo:
Wakuu habari za jioni, zangu mbaya. Nimetoka kwa yule fundi sasa hivi, simtaji, wa Kigoma wote mnamjua, yule mwenye mashine ya kuranda na redio inayosikika mpaka Kongo, anayepokea advansi huku anatafuna muwa. Naandika mikono inatetemeka.

Si mnajua nina kimashua changu cha tanga nakijenga kule Katonga. Sasa usukani pamoja na ule ubao wa kati, ule unaoshushwa majini ili upepo usikusukume ubavu, nimechonga MWENYEWE. Na sio kukata bao ukapachika, hapana. Nimechana mninga vipande vyembamba, nikawa nageuza kimoja nyuzi huku kingine nyuzi kule ndo nikabandika kwa gundi lisije likajisokota likilowa, halafu randa ya mkono, halafu tupa, halafu msasa hadi kucha zimeisha. Mbele mviringo, linanenepa mpaka kama theluthi ya upana hivi, upana sentimita 25 unene 3, kisha linashuka polepole polepole hadi nyuma kabisa inabaki kama milimita 2. Nimekata bati kwa umbo lile lile nalilaza juu, nikiona mwanga unapita najua bado. Nachora penseli ubao mzima napitisha msasa niliougandisha kwenye mti mrefu, penapobaki penseli ndo bonde, narudia. Kazi ya uchumba kabisa ile.

Drili yangu imeungua, nikampelekea usukani anitobolee matundu ya bawaba. MATUNDU TU. Narudi nakuta kitu kimelala kwenye benchi bapa kama mlango wa choo. Ameranda tumbo lote pande zote mbili imebaki sentimita moja na nusu, na ule ukingo mwembamba wa nyuma kaukata kabisa eti utakuja kumkata mtoto. Namuuliza fundi vipi, anapangusa vumbi na kiganja anatabasamu: "Kaka lilikuwa limepinda kotekote, nikakunyooshea. Ya kunyoosha usinilipe."

USINILIPE!! Na wateja wa makabati waliokaa pale wakaitikia eti fundi ana roho nzuri. Ya kunyoosha usinilipe. Nilitaka kuzimia.

Na matundu HAJATOBOA.

Mgebuka_Mkavu:
"Na matundu hajatoboa" 😂😂😂 niko kwenye bodaboda nimecheka mpaka dereva kasimama

Mama_Karabai:
Kwa hiyo kwa kifupi umenyooshwa.

Tezo_la_Ujiji:
Kijana, wajomba zetu hapa Ujiji usukani ulikuwa bao moja limepigwa tezo basi, wanavuka ng'ambo wanarudi na mawese. Nyie siku hizi mnapima usukani na bati mkichungulia mwanga kama mnakagua yai.

Mbisha_Upepo:
Shikamoo mzee. Wajomba walikuwa wanangoja upepo wa kuwapeleka wanakwenda nao, mimi nataka kuubisha, niende kinyume nao kwa kona kona. Bao bapa ukilikata kona kali kidogo tu maji yanaliachia, usukani unakufia mkononi unabaki umeshika kana, ule mpini wake, kama umeshika mwiko. Kusi likikolea mimi nashukia Uvira kule Kongo bila pasipoti. Ila hata hiyo sio hoja mzee, hoja ni mtu kukuharibia halafu anakwambia USINILIPE

Nahodha_wa_Simu:
Mkuu punguza munkari. Kuna vile vimashua vya watoto vinaitwa Optimist, alivibuni Clark Mills kule Marekani 1947, ubao wake ni bapa tu kingo ndo zinachongwa, na vinatembea dunia nzima. Fundi kakuwekea wa Optimist bure.

Mbisha_Upepo:
Ule ubapa ni sheria yao ili watoto washindane sawa!! Hakuna mtu alimvizia Clark Mills na mashine akamnyooshea.

Reli_ya_Kati:
Meli ya Liemba hapa ziwani ilizamishwa 1916 ikakaa chini ya maji mpaka 1924 ikaibuliwa ikapiga kazi miaka na miaka, we unalia kwa kaubao. Bandika kangine.

Mbisha_Upepo:
Nibandike kwa mninga upi, umeona bei ya mbao?

Unyanyembe_Original:
Hapo ndo mmeniita. Mninga mnaotamba nao huko unatoka kwetu Tabora, nyie mna dagaa.

Mgebuka_Mkavu:
Dagaa ambao mnakula mnalia. Kaa na asali yako.

Unyanyembe_Original:
Asali tunayo na embe tunazo. Halafu msidhani mafundi wabovu mko nao peke yenu. Mimi nilimpa wa hapa mbao za kitanda sita kwa sita, kaleta tano kwa sita. Namwambia fundi mbona kifupi anasema "we mrefu kwani? lala kimshazari."

Mama_Karabai:
🤣🤣 kimshazari! Bora nyie, wa cherehani aliniharibia kitenge cha send-off ya mdogo wangu, mkono mmoja mfupi mmoja mrefu, eti ndo fasheni ya Bujumbura. Nikavaa hivyo hivyo na watu wakapiga picha

Tezo_la_Ujiji:
Cherehani ni maneno mengine kabisa. Suruali yangu ya Iddi aliivaa yeye kwanza.

Mbisha_Upepo:
Jamani tunaongelea usukani

Mgebuka_Mkavu:
Mzee hebu subiri, aliivaa wapi 😂

Tezo_la_Ujiji:
Msikitini. Safu ya mbele yangu.

Reli_ya_Kati:
@Unyanyembe_Original hicho cha tano kwa sita bado unacho? Mi mfupi.

Unyanyembe_Original:
Kipo, mninga mtupu. Usafiri juu yako, njoo inbox.