Dereva anaposema “sikumwona”: kifo cha mwendesha baiskeli kimo wapi katika hati ya mashtaka?

Mwenzake_Marehemu aliuliza:

Nawasalimu nyote. Miezi minne iliyopita nilimpoteza rafiki niliyekuwa nikiendesha naye baiskeli kila mwisho wa juma kwa takribani miaka tisa. Aligongwa kwa nyuma asubuhi, muda mfupi baada ya jua kuchomoza, katika kipande cha barabara kilichonyooka na kisicho na magari mengi. Dereva alisimama, akapiga simu kuomba msaada, na hakuwa amelewa. Hayo nayasema kwa haki, kwa sababu sitaki mtu yeyote amfikirie kuwa mnyama. Maelezo yake kwa polisi hayakuzidi sentensi mbili: kwamba jua lilikuwa likimpiga machoni, na kwamba hakumwona.

Sasa familia imearifiwa kwamba ameshtakiwa kwa kosa la kuendesha bila uangalifu, ambalo adhabu yake yaelekea kuwa faini na pengine kufungiwa leseni kwa muda. Nilipokwenda kumwarifu mjane, aliisoma hati ya mashtaka mara mbili, kisha akaniuliza: “Mume wangu ameandikwa wapi hapa?” Sikuwa na jibu, maana kweli hakuandikwa popote.

Naomba wenye ujuzi wanieleze: je, kusema “sikumwona” ni utetezi mbele ya sheria? Na je, ni kweli kwamba Uholanzi dereva akimgonga mwendesha baiskeli huhesabiwa kuwa na hatia moja kwa moja? Kama ni kweli, kwa nini nchi nyingine hazifanyi hivyo?

Wakili_Mstaafu alijibu:

Pole sana, ndugu, na utufikishie pole kwa mjane. Swali lake ndilo swali ambalo mabunge kadhaa yamekuwa yakihangaika nalo kwa miaka mingi.

Sheria ya jinai haipimi matokeo peke yake. Hupima kwanza mwenendo wa mtu na yaliyokuwa akilini mwake. Ndiyo maana makosa ya barabarani hupangwa kama ngazi: juu kabisa kuna kuua kwa kukusudia, ambako ni nadra sana kwa dereva, chini yake kuna kuua bila kukusudia, kisha kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, kisha kusababisha kifo kwa uzembe, na chini kabisa kuna uendeshaji usio wa uangalifu, ambao hauulizi kama mtu alikufa au kioo tu kilivunjika. Tatizo ni kwamba si kila nchi ina ngazi zote. Uingereza, kwa mfano, haikuwa na kosa la jumla la kusababisha kifo kwa uendeshaji usio wa uangalifu hadi mwaka 2008. Kabla ya hapo, dereva ambaye mwendesha mashtaka hakuweza kuthibitisha kwamba aliendesha kwa hatari aliteremshwa hadi kosa la faini, na marehemu akapotea katika karatasi kama alivyopotea rafiki yako. Kosa hilo jipya lilipowekwa, kifungo chake cha juu kilikuwa miaka 5. Kwa kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo, kiwango cha juu kilipandishwa mwaka 2022 kutoka miaka 14 hadi kifungo cha maisha.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni hili: kosa la katikati halipo katika sheria zenu, au lipo lakini mwendesha mashtaka aliona ushahidi hautoshi? La kwanza ni la bunge. La pili ni la ofisi yake, na anaweza kuombwa aeleze sababu.

Kuhusu “sikumwona”, watu wengi huyachukua maneno hayo kama utetezi, ilhali mara nyingi ni nusu ya kukiri kosa. Mahakama haiulizi dereva huyu aliona nini; huuliza dereva mwangalifu na mwenye ujuzi, akiwa ameketi katika kiti kile kile, angeona nini. Jua likikupiga machoni hadi huoni mbele, unatakiwa kupunguza mwendo, na ikibidi kusimama. Anayeendelea kwa mwendo ule ule amechagua kuendesha akiwa kipofu, na uchaguzi huo ndio unaoshitakiwa, wala si jua. Nikiri, hata hivyo, kwamba nimeshuhudia hoja hii ikishindwa mahakamani mara nyingi kuliko ilivyostahili, na naamini sababu ni ya kibinadamu: karibu kila anayesikiliza kesi ni dereva, na karibu kila dereva amewahi kupigwa na jua akaendelea na safari, ila yeye hakukuta mtu mbele.

Uliyosikia kuhusu Uholanzi ni nusu ya kweli. Kifungu cha 185 cha sheria yao ya usafiri wa barabarani kinahusu fidia, si jinai. Mwenye gari hubeba gharama za madhara kwa mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli, isipokuwa athibitishe kwamba ajali ilisababishwa na jambo lililokuwa nje kabisa ya uwezo wake. Asipothibitisha, mwathiriwa aliyetimiza miaka 14 hulipwa angalau nusu ya hasara hata kama naye alikosea, na aliye chini ya umri huo hulipwa yote, isipokuwa katika hali za pekee sana. Ufaransa nayo, kwa sheria ya tarehe 5 Julai 1985, iliweka ulinzi unaokaribiana na huo kwa wote wasiokuwa wakiendesha chombo cha moto. Lakini likija suala la kumfunga mtu, mwendesha mashtaka wa Uholanzi anapaswa kuthibitisha kosa kama mwenzake wa kwingineko, na mimi sioni ubaya wa jambo hilo. Kumtwisha dereva mzigo wa fidia ni jambo moja. Kumtwisha mzigo wa kuthibitisha kwamba yeye si mhalifu ni jingine.

Usukani_wa_Lori alijibu:

Nimeendesha magari makubwa kwa miaka ishirini na mitatu, na ningependa upande wetu nao usikike. Kuna mwendesha baiskeli anayetokea usiku bila taa wala kiakisi mwanga, na kuna anayejipenyeza ubavuni mwa lori linalokata kona, mahali ambapo vioo havifiki. Nimemwona mwenzangu akifikishwa mahakamani kwa ajali ya namna hiyo, akaachiwa huru, na bado hakurudi tena barabarani kwa sababu ya yale aliyoyaona chini ya gurudumu. Si kila kifo kina mhalifu.

Hata hivyo, ndugu uliyeuliza, kisa chako si cha namna hiyo. Mtu aliye mbele yako, mchana, kwenye barabara iliyonyooka, ni wajibu wako. Hilo tulifundishwa siku ya kwanza.

Mchora_Ramani_za_Ajali alijibu:

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupima maeneo ya ajali. Katika kesi za namna hii shahidi mmoja amekufa na mwingine ndiye mshtakiwa, hivyo vitu ndivyo vinavyopaswa kuzungumza.

Anzeni na hesabu rahisi. Tuseme gari lilikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa na baiskeli kwenye 20. Tofauti ni kilomita 60 kwa saa, yaani takribani mita 17 kila sekunde. Ikiwa barabara ilimruhusu dereva kuona mita 200 mbele, basi rafiki yako alikuwa mbele ya macho yake kwa sekunde 12 kabla ya kugongwa. Hesabuni polepole hadi 12 mbele ya mwendesha mashtaka. Anayeshindwa kumwona mtu kwa muda huo wote hakupitiwa na kufumba na kufumbua.

Pili, dai la jua linapimika. Mahali jua lilipokuwa angani, urefu wake juu ya upeo wa macho na upande wake, hukokotolewa kwa tarehe na dakika yoyote iliyopita, kisha hulinganishwa na mwelekeo wa barabara. Msiende tu kuangalia asubuhi ya leo, kwa sababu baada ya miezi minne jua halichomozi tena mahali pale pale.

Tatu, ulizeni kama kumbukumbu za simu ya dereva zilichukuliwa, na kama gari lina kifaa cha kunasa taarifa za ajali. Katika Umoja wa Ulaya kifaa hicho ni cha lazima kwa magari madogo yote mapya tangu Julai 2024, nacho huhifadhi mwendo na matumizi ya breki kwa sekunde chache kabla ya mgongano. Ikiwa breki haikuguswa kabisa, hilo nalo ni ushahidi. Taarifa hizi hupotea gari likitengenezwa au likiuzwa kama chuma chakavu, hivyo msichelewe.

Mwenzake_Marehemu alijibu:

Nawashukuru sana. Maneno ya mchora ramani yamenifanya niifikirie upya ile barabara. Inaelekea mashariki kwa muda mrefu, kisha inapinda kwenda kaskazini. Mahali alipogongwa ni baada ya kona hiyo, kama mita 300 mbele. Kama sikosei, jua lilikuwa limeshahamia ubavuni mwa dereva.

Wakili_Mstaafu alijibu:

Hukosei, na hilo liandikeni leo. Familia iandike barua kwa mwendesha mashtaka, ikieleza mwelekeo wa barabara na ile hesabu ya sekunde, na iombe mashtaka yapitiwe upya kabla dereva hajaitwa kujibu. Haraka hiyo ina sababu: katika nchi nyingi, mtu akishakiri kosa dogo na kuadhibiwa, huwa vigumu sana kumshtaki tena kwa kosa kubwa linalotokana na tukio lile lile.

Fidia ni njia nyingine, nayo haingoji hukumu ya jinai. Zamani katika sheria ya Kiingereza mtu akifa dai lilikufa naye, kiasi kwamba ilikuwa nafuu kwa mkosaji kuua kuliko kujeruhi. Sheria ya mwaka 1846 ndiyo iliyowapa wategemezi haki ya kudai. Kiwango cha uthibitisho katika madai ya fidia ni cha chini kuliko cha jinai, kwa hiyo mnaweza kushinda hata dereva akiachiwa. Chungeni ukomo wa muda wa kufungua shauri, na mjane asitie saini karatasi yoyote ya kampuni ya bima inayosema kwamba malipo hayo ni ya mwisho, kabla wakili hajaisoma.

Mwenzake_Marehemu alijibu:

Kesi inatajwa Jumatano. Naenda kwa mjane jioni hii na rasimu ya barua. Jina la mumewe nimeliweka katika mstari wa kwanza.